Rahani ya Pwani Yetu: Khabari za Kodi Zilizofungwa kwa Madeni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu twaanza, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: wazee wa chama chetu wameniomba niandike maneno machache katika kijitabu hiki cha ukumbusho, juu ya mambo yaliyopita katika pwani yetu. Khabari za misikiti na wanavyuoni zimekwisha andikwa na walio wajuzi kunipita mimi. Nami nimechagua jambo lisilosemwa sana, nalo ni khabari za rahani. Si rahani ya pete wala ya mkufu, bali rahani ya nchi na kodi zake.

Sababu ya kulichagua jambo hili sitaificha. Katika vikao vyetu imetolewa rai kwamba ile nyumba ya wakfu iwekwe rahani ili zipatikane fedha za kuijenga madrasa. Waliotoa rai hiyo ni watu wa kheri, na haja yao ni ya haki, kwani watoto wanasoma chini ya mti. Lakini kabla ya kutia saini yafaa tutazame nyuma. Pwani hii yetu, tangu Mto Ruvuma mpaka Ibo na kushuka hadi Mto Lurio, imeingizwa katika mikataba ya deni na dhamana mara nyingi, na watu wake hawakuulizwa hata mara moja.

MAANA YA RAHANI NA KODI ILIYOFUNGWA

Kwanza na tuyafahamu maneno yenyewe. Rahani ni mali anayoiweka mdaiwa kwa mdai wake, ili deni lisipolipwa mali hiyo iuzwe, mdai atwae haki yake, na kinachobaki kirudi kwa mwenyewe. Jambo hili ni halali. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, ni aya ya deni. Imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Na aya inayoifuata imetaja rahani kwa aliye safarini asiyepata mwandishi. Na Mtume wetu mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alifariki dunia na deraya yake iko rahani kwa Myahudi mmoja, kwa pishi 30 za shayiri alizowachukulia watu wa nyumbani kwake. Basi kukopa si aibu, wala kuweka rahani si aibu.

Lakini wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi waliiwekea rahani masharti. Matatu katika hayo nataka msomaji ayashike, kwani ndiyo mizani tutakayopimia khabari zote zinazokuja. La kwanza, mwenye kuweka rahani awe ndiye mwenye mali, au awe na idhini ya mwenye mali. La pili, kitu chenyewe kiwe kipo, kinajulikana, na chaweza kuuzwa. Ndege aliye hewani na samaki aliye baharini hawawi rahani. La tatu, mali iliyo rahani ni amana kwa mdai. Matunda yake ni ya mwenyewe, na mdai akishurutisha kuyala ameingia katika riba.

Jambo la pili ni kuifunga kodi, yaani kuitenga kwa kazi moja maalumu hata isitumiwe kwa nyingine. Hili nalo si geni kwetu. Zaka ni mali iliyofungiwa watu wa mafungu 8, waliotajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60. Mtawala hana ruhusa ya kuipeleka kwengine. Kwa hiyo kufunga mapato kwaweza kuwa ngome ya haki za wanyonge. Uzuri wake au ubaya wake wategemea mambo mawili: yamefungwa kwa ajili ya nani, na nani aliyeyafunga.

MINAZI YA BABA YANGU

Nilipokuwa kijana wa chuoni, baba yangu aliweka rahani minazi yake 20 kwa mfanyi biashara mmoja, kwa magunia ya mchele na nguo za sikukuu. Hawakuandikiana, walipeana mikono tu, wakaagana. Mfanyi biashara akawa anaangua nazi kila mavuno na kuziuza, wala hakupunguza deni kwa hata nazi moja. Baba aliona haya kumwuliza. Baada ya miaka mingi yule bwana akafariki, na warithi wake wakasema minazi ni yao, kwani wamemwona marehemu akiiangua siku zote. Baba hakuwa na karatasi wala shahidi aliye hai. Minazi ikaenda.

Nilikuwa nimekaa kando yake siku walipokuja kumwambia. Hakusema neno. Mimi nilikuwa nimekwisha somea mlango wa rahani kitabuni, na siku ile ndipo nilipoufahamu. Na kila nikisoma khabari za pwani yetu naiona minazi ile ile.

FORODHA ZA UNGUJA

Katika zama za Sayyid Said bin Sultan, aliyehamisha makao yake kutoka Maskati kuja Unguja, mamlaka yake katika pwani ya bara yalihesabiwa kufika kusini mpaka Rasi ya Delgado na ghuba ya Tungi. Forodha za pwani hiyo hazikusimamiwa na watumishi wa dola, zilikodishwa. Tangu miaka ya 1830 aliyezikodi ni nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Banyani wa Kachi. Na baadaye wakili wake katika Unguja alikuwa Ludha Damji.

Kazi ilikwenda hivi. Mkodishwaji aliahidi kumpa Sayyid kiasi maalumu cha reale kila mwaka, naye akakusanya ushuru wa pembe, sandarusi, karafuu, nguo na watumwa. Kilichozidi kilikuwa chake. Mambo yakimsonga Sayyid kabla ya mwaka kwisha, humwendea mkodishwaji yule yule na kukopa. Na deni likalipwa kwa ushuru wa mwaka unaokuja. Hivyo ushuru ukawa umekwisha liwa kabla ya majahazi kutia nanga.

Sayyid Said alifariki mwaka 1856. Watoto wake wakagombea urithi, na mwaka 1861 ikahukumiwa na Lord Canning, mtawala wa Kiingereza katika Bara Hindi, kwamba Unguja na Maskati zitengane, na Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Sayyid Majid akazidi kukopa. Alipofariki mwaka 1870, nyumba ya Jairam ilikuwa ikidai zaidi ya reale nusu milioni, na ndugu yake Sayyid Barghash alipokalia kiti alilikuta deni mlangoni.

Sisemi kwamba Banyani alidhulumu. Yeye alishika mkataba wake, na vitabu vyake vya hesabu viliandikwa. Nataka msomaji aone jambo moja tu: mtawala aliyefunga ushuru wake kwa mdai alifika hata hawezi kumwondoa mtoza ushuru, kwa kuwa mtoza ushuru ndiye mdai wake.

Katika mwezi wa Februari 1887 manowari za Ureno ziliipiga mizinga Tungi na Minengani, Wareno wakaitwaa ghuba, na ushuru wa Tungi ukabadili bwana. Wenyeji walilala wakiwa chini ya bendera moja wakaamka chini ya nyingine, kodi haikulala.

ISTANBUL NA MISRI

Kabla ya kuingia katika khabari za Wareno, yafaa tutazame kidogo yaliyowafika Waislamu wenzetu, ili tufahamu jinsi deni linavyogeuka kuwa utawala.

Dola ya Kituruki ilianza kukopa Ulaya mwaka 1854, wakati wa vita vya Krimu, na kodi iliyotoka Misri ikawekwa kuwa dhamana. Miaka 21 baadaye ikashindwa kulipa. Mwezi wa Disemba 1881, uliokuwa Muharram 1299, likatolewa tangazo lijulikanalo kwa jina la mwezi huo. Mapato ya chumvi, tumbaku, stempu, ulevi, hariri na uvuvi yakafungwa yote kwa wadai, na ikaundwa idara iliyosimamiwa na wajumbe wa wadai wa Kizungu kuyakusanya.

Na Khedive Ismail wa Misri aliuza hisa zake za Mfereji wa Suez mwaka 1875 kwa kiasi cha pauni milioni 4, na hazikutosha. Mwaka 1876 ikawekwa hazina ya deni chini ya Wazungu. Mwaka 1879 Ismail akauzuliwa. Na mwaka 1882 majeshi ya Kiingereza yakaingia Misri. Daftari ilitangulia, na bunduki ikafuata.

KAMPUNI YA NIASSA

Sasa turudi kwetu. Ureno ilijitangaza kuwa mwenye nchi hii yote, lakini mfuko wake ulikuwa mtupu. Mwaka 1892 ilishindwa kulipa riba kamili ya madeni yake ya nje. Mwaka uliotangulia, 1891, ilikuwa imekwisha toa hati ya kuipa Kampuni ya Niassa nchi yote iliyo baina ya Ruvuma na Lurio, toka baharini mpaka Ziwa Nyasa. Kampuni hiyo ilipewa haki ya kutawala na kukusanya kodi na ushuru. Makao yake yalikuwa Ibo, kisha yakahamia Porto Amélia, ambayo leo ni Pemba.

Wenye hisa walikuwa Ulaya, na wengi wao hawakupata kuiona bahari yetu. Kampuni haikuwa na mtaji wa kujenga reli wala bandari. Mali yake kubwa ilikuwa watu: ikawatoza kodi ya nyumba, na asiyeweza kulipa akafanyishwa kazi, na wengine wakapelekwa kwenye machimbo ya Afrika ya Kusini, kampuni ikapokea malipo kwa kila kichwa. Wengi walikimbia wakavuka Ruvuma. Nyumba ya makuti ya maskini ndiyo iliyokuwa faida ya hisa iliyouzwa Lisbon, London na Paris.

MKATABA WA MWAKA 1898

Hapa ndipo panapofika khabari ambayo wachache miongoni mwetu wameisikia. Mwaka 1898 Ureno ilikuwa ikihitaji fedha. Ilikuwa imeitwaa reli ya Delagoa Bay, ambayo leo ni bandari ya Maputo, kutoka kwa wenyewe mwaka 1889, na hukumu ya fidia ilikuwa ikingojewa. Ikaanza mazungumzo ya mkopo na Waingereza. Wadachi, yaani Wajerumani, walipopata khabari wakadai nao washirikishwe. Na tarehe 30 Agosti 1898, katika mji wa London, Bwana Balfour kwa upande wa Uingereza na Count Hatzfeldt kwa upande wa Wadachi wakatia saini.

Mkataba ulisema kwamba Ureno ikiomba mkopo, dola mbili hizo zitaukopesha pamoja, na dhamana yake itakuwa ushuru wa forodha wa makoloni ya Ureno. Ushuru wa Msumbiji upande wa kusini wa Mto Zambezi, pamoja na sehemu ya Angola, ungekuwa dhamana ya Waingereza. Ushuru wa kaskazini, pamoja na sehemu nyingine ya Angola na kisiwa cha Timor, ungekuwa dhamana ya Wadachi. Maana yake ni kwamba kila jahazi lililotia nanga Ibo, Msimbwa au Tungi, na kila mzigo ulioteremshwa hapo, ulikwisha hesabiwa London kuwa rahani ya Mdachi.

Na pamoja na mkataba huo ulikuwako mwingine wa siri, wa namna ya kugawana nchi zenyewe endapo Ureno haitaweza kuzishika. Mdai aliyeangua nazi alikuwa anautazama mnazi.

Mungu hakupenda yawe. Ureno haikuchukua mkopo huo. Mwezi wa Oktoba 1899, vita vya Makaburu vikiwa vinaanza, Uingereza iliwapa Wareno ahadi mpya ya siri ya kuzilinda nchi zao, kwa kutaka silaha zisipitishwe Delagoa Bay kwenda Transvaal. Hata hivyo shauri halikufa. Mwaka 1913 Waingereza na Wadachi walitengeneza mkataba mwingine wa kugawana, nao haukutiwa saini, kwa kuwa Waziri Grey wa Uingereza alitaka yote yatangazwe na Wadachi hawakutaka. Basi mkataba ulioogopa mwangaza ukafa kwa kuogopa mwangaza.

Mwaka 1914 mabenki ya Kidachi yakaingia kwa mlango mwingine: yakanunua hisa nyingi za Kampuni ya Niassa. Vita vya dunia vikazuka mwaka ule ule, na hisa zikaangukia mikononi mwa Waingereza. Mwezi wa Aprili 1916 Wareno wakaitwaa Kionga, ambayo Wadachi walikuwa wameishika tangu mwaka 1894. Kampuni ikaendelea kutoza mpaka hati yake ilipokwisha mwaka 1929.

Tuupime mkataba wa 1898 kwa mizani yetu. Je, walioandikiana walikuwa wenye mali? La. Je, kitu kilikuwapo? Ushuru wa miaka ijayo ni kama samaki aliye baharini. Je, matunda yangekuwa ya mwenyewe? Mwenyewe hakutajwa hata kwa jina. Masharti matatu, yote yamevunjwa.

DENI LA SIKU ZETU

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya wageni tu. Katika mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali yetu wenyewe, nazo ni Proindicus, EMATUM na MAM, zilikopa jumla ya dola zipatazo bilioni 2 kwa mabenki ya Credit Suisse na VTB. Moja ilisemwa kuwa ni ya kulinda bahari, ya pili ya kuvua jodari, ya tatu ya kutengeneza vyombo. Serikali iliweka dhamana yake, na Bunge halikuombwa idhini kama sheria ipasavyo. Siri ilipofichuka mwaka 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili wengine walizuia misaada yao, thamani ya metikali ikaporomoka, na bei ya mchele na mafuta ikapanda hata katika vijiji ambavyo havikupata kusikia jina la EMATUM. Baraza la Katiba lilizibatilisha dhamana hizo, moja mwaka 2019 na mbili mwaka 2020. Na mwaka 2024 mahkama ya New York ilimtia hatiani aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, katika mambo ya mikopo hiyo.

Lakini kuna kipande kinachotuhusu sisi khasa. Mwezi wa Novemba 2018 serikali ilipatana na wenye hati za deni la EMATUM kwamba watapewa asilimia 5 ya kodi itakayotoka katika gesi ya Eneo la 1 na Eneo la 4 la bonde la Ruvuma, mpaka zitimie dola milioni 500. Gesi hiyo iko katika bahari ya Palma. Wakati huo ilikuwa bado chini ya bahari. Hata shehena moja haikuwa imetoka, kwani ya kwanza ilitoka Novemba 2022. Na wakati huo watu wa Msimbwa na vijiji vya jirani walikuwa wamekwisha anza kukimbia makwao kwa vita vilivyoanza Oktoba 2017. Kodi ya bahari yetu iliandikwa kulipia madeni ya siri, na wenye bahari wamelala porini.

Alhamdulillahi, mwaka 2019 sharti hilo liliondolewa, na deni likapangwa upya kwa hati za dola milioni 900, muda wake mpaka 2031, pasipo kufungiwa gesi.

Na haki yataka tuseme na mazuri. Kwa sheria za mwaka 2022, asilimia 10 ya kodi ya uchimbaji wa madini na gesi imetengewa majimbo na watu wa mahali panapochimbwa. Na mwezi wa Disemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya mfuko wa akiba ya taifa, kwamba katika miaka 15 ya mwanzo asilimia 40 ya mapato ya gesi iwekwe humo, na asilimia 60 iende katika matumizi ya serikali. Huku nako ni kufunga kodi. Lakini kumefanywa kwa sheria iliyosomwa mbele za watu, na mlango wa kuuliza hesabu uko wazi. Sheria isiyoulizwa hesabu yake ni kama minazi ya baba yangu: ni yako kwa maneno, na nazi zaliwa na mwengine.

TUNALOPASWA KUFANYA

Sasa narudia nyumba yetu ya wakfu. Kwa sharia nyumba hiyo haiwekwi rahani, kwa kuwa wakfu hauuzwi, na kisichouzwa hakiwi rahani. Tena sisi si wenyewe. Mwenyewe aliyeitoa amelala kaburini, naye aliitoa kwa sharti la kusomeshea watoto. Tukiiweka rahani kwa nia njema, bila ya kuwa na milki wala idhini, tutakuwa tumefanya lile lile lililofanywa London mwaka 1898, ijapokuwa kwa kalamu ndogo.

Lakini sharia haikutufungia mlango bila kutufungulia mwengine. Kodi ya nyumba ile, ambayo mpangaji huilipa kila mwezi, ni matunda, na matunda yake yalikusudiwa watoto. Hayo twaweza kuyafunga kwa ajili ya madrasa peke yake, yasitumiwe kwa karamu wala kwa safari za viongozi. Yaandikwe katika daftari, mashahidi watie saini, na kila mwisho wa miezi mitatu hesabu isomwe baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya wakubwa na wadogo, wanaume na wanawake. Madrasa itajengwa polepole, ukuta baada ya ukuta; nayo itakuwa yetu pasipo mdai.

Najua watakuwapo watakaosema ni polepole mno. Nawajibu kwa heshima: mtoto anayesoma chini ya mti mwaka huu ataumia kwa mvua, lakini mtoto atakayekuta nyumba ya wakfu imeuzwa kwa deni la baba zake hatakuwa na mti wala nyumba.

Baba yangu aliona haya kuuliza, na haya ile ilimgharimu minazi 20. Sisi tusione haya. Tumwulize mweka hazina wa chama kwa adabu, na kwa adabu ile ile tuulize fungu letu la asilimia 10 limefika wapi. Kuuliza hesabu si fitina. Ni kuitii aya ya deni.

Namwomba Mwenyezi Mungu awarudishe makwao waliokimbia, awarehemu waliotangulia, awalipe kheri waliotuachia wakfu, na atulipie madeni yetu ya dunia kabla ya kukutana naye. Amin.